Tikuni na Wavu Uliochanika

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu hapa Mafia. Kwa Kiswahili hidaya ni zawadi, na jina hilo linatuletea swali ambalo waumini huulizana kila mara baada ya hasara: je, tufani yaweza kuwa zawadi kwa roho?

Wapo wanaojibu ndiyo, wakiegemea Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi. Fundisho lenyewe lilikomaa Safed, mji wa Galilaya, kwa Isaac Luria, aliyefika huko mwaka 1570 na kufa 1572. Yeye aliandika kidogo sana. Mwanafunzi wake Chaim Vital ndiye aliyetuhifadhia mengi. Luria alifundisha kwamba hapo mwanzo vyombo vilivyopokea nuru ya Mungu vilivunjika, cheche zikatawanyika, na kazi ya mwanadamu ni kuzirudisha kwa sala na kwa kuzishika amri. Kazi hiyo huitwa tikuni, yaani matengenezo. Roho isiyomaliza sehemu yake hurudi katika mwili mwingine.

Hapo mwisho hatuwezi kumfuata. Waraka kwa Waebrania unatutosha, kwamba mtu hufa mara moja. Hata hivyo tusilitupe fundisho zima. Luria alisema na kizazi kilichokumbuka kufukuzwa Hispania mwaka 1492, na aliwapa watu hao kazi ya kufanya.

Tunachokikataa ni tikuni iliyopunguzwa na vitabu vya siku hizi: kwamba kila shida imepimwa na kutumwa ili kurekebisha kasoro fulani ya roho yako. Mtu akijiambia hivyo mwenyewe, tutanyamaza; huenda ndiyo inayomwamsha asubuhi. Akimwambia jirani aliyeezuliwa paa, ameketi pamoja na rafiki zake Ayubu, ambao Mungu aliwakemea mwishoni. Utendi wa Ayubu, tuliorithi kwa wazee wa pwani hii, unatufaa kuliko mahubiri mengi: mle mke wa Ayubu anamhudumia mgonjwa wake, na utumishi huo ndio tunaoukumbuka.

Agano Jipya nalo lina neno lake la matengenezo. Kitenzi cha Kigiriki katartizo kimetumika katika Marko 1:19, Yakobo na Yohana wakiwa chomboni na nyavu zao. Kinarudi katika Wagalatia 6:1, Paulo anapowaagiza ndugu wamrejeshe kwa upole aliyeanguka. Tena kimo katika 1 Petro 5:10, na hapo mtengenezaji ni Mungu mwenyewe, baada ya mateso. Petro hasemi kwamba mateso ndiyo yatakayotengeneza. Mvuvi wa Mafia anaelewa mara moja. Jarife likinasa mwambani huchanika, na mwamba haulishoni. Huvutwa pwani, likatandazwa kivulini, watu wakakaa nalo tundu kwa tundu hadi jua linageuka. Hakuna anayeushukuru mwamba.

Mtu atatukumbusha Warumi 5, kwamba dhiki huleta saburi. Ni kweli, nasi tunaliamini. Ila tusome vizuri nani anasema: Paulo anatumia neno "sisi", naye yumo ndani ya dhiki hiyo pamoja na wale anaowaandikia.