Data si kitu? Nikisoma Tallinn Manual 2.0 baada ya Sandworm

Nilikifungua kitabu hiki nikidhani kitanipa usingizi. Kina kanuni 154, mhariri wake ni Michael Schmitt, kilichapishwa Cambridge mwaka 2017, na kinaeleza jinsi sheria ya kimataifa inavyogusa mashambulizi ya kompyuta. Si mkataba, hakimfungi mtu. Kumbe ndani yake mna ugomvi mkali, tena wa neno moja tu: kitu.

Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya 1977 inakataza kushambulia vitu vya kiraia vitani. Daraja ni kitu, shule ni kitu. Je, data? Wataalamu walio wengi walijibu hapana: kitu ni kile kinachoonekana na kushikika. Wachache walipinga, na kitabu kimewapa nafasi. Hapo nakisifu. Kila kanuni ina maelezo yake, na walipotofautiana hawakuficha.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimetoka kusoma Sandworm ya Andy Greenberg. Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilipenya kupitia M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, kikasambaa duniani kikilemaza kompyuta. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva moja muhimu, ambayo wenzake wote walikuwa wamefutwa, ilipona Ghana. Iliponaje? Umeme ulikuwa umekatika! Sisi tunaolaani kila giza likiingia, tucheke kidogo.

Halafu turudi kwenye Manual. Wengi wao wanasema mashine ikiacha kufanya kazi, hayo ni madhara ikiwa kuitengeneza kunahitaji kubadilisha vipuri. Kama inatosha kusakinisha programu upya, wanagawanyika. Yaani malori yamejaa kwenye mageti ya bandari, mizigo imekwama, na bado tunabishana kama kuna kilichoshambuliwa.

Tuwatendee haki: data za matibabu zina ulinzi wake humo. Lakini orodha ya mishahara je? Hati za viwanja? Kumbukumbu za vizazi? Mtu aliyefutiwa jina lake kwenye daftari la ardhi hajajeruhiwa, ila nyumba si yake tena.

Nilipokuwa nasoma nilijikuta nakitafsiri kichwani, na Kiswahili kikanigomea. Kwetu mtu husema "nina kitu moyoni", na hakuna anayemuuliza kinashikika wapi. Najua hoja hiyo haisimami mahakamani. Ila Ufaransa, mwaka 2019, ilitamka rasmi kwamba data za kiraia, za benki na za matibabu zinalindwa na kanuni ya kutofautisha raia na wapiganaji. Kwa hiyo waliobaki wachache kwenye kitabu hawakuwa waota ndoto.

Kisomeni, lakini anzeni na Greenberg. Yeye atawaonyesha walioumia, na mkifika kwenye Manual mtajua cha kuiuliza.