Il, elle, na ile "u" ya Hafez

Wenzangu, wengi wetu tunamsoma Hafez wa Shiraz, mshairi wa karne ya 14, mu Kifaransa. Leo niko na lawama moja, na hata mtafsiri hodari haiponyoki.

Kifarsi hakitenganishi mwanaume na mwanamke katika sarufi. "U" ni yeye, basi. "Amad" ni alikuja: dada, kaka, mfalme, Mungu, wote kitenzi kimoja. Kifaransa kinadai il ao elle, na hapo njo mlango unafungwa. Ku "ses cheveux" kinaponea. "Aimé" na "aimée" sikio halizitofautishi, lakini kalamu lazima ichague. Mtafsiri akiandika elle, unasoma barua ya mapenzi. Akiandika Lui kwa herufi kubwa, uko kanisani. Ghazali ya Hafez inakaa katikati: mpendwa anaweza kuwa kijana anayemimina divai, mfalme anayemlisha mshairi, ao Mwenyezi.

Kuna wanaosema: hiyo ni sarufi tu, Hafez hakufanya kitu. Sikubali. Farrokhi wa Sistan, katika karne ya 11, aliandika mu Kifarsi hicho hicho na kumwita mpendwa "pesar", kijana mwanaume, waziwazi. Lugha inaruhusu fumbo, hailazimishi. Hafez mara nyingi anachagua "yar" ao "dust", mwenzi, rafiki, maneno yasiyo na jinsia, na analilinda fumbo mpaka karibu na mwisho, pale kwa kawaida anapojiita kwa jina lake mwenyewe.

Basi tutafsiri mu Kiswahili, siyo? "Alikuja" yetu inatosha. Ndiyo, lakini ngeli zinatutega. Washairi wa Kifarsi wanamwita mpendwa "sarv", ule mti mrefu ulionyooka wa bustani za Irani. "Sarv amad" haisemi kama ni mti ao mtu. Kiswahili sanifu kinauliza: umekuja ao amekuja? Ukiandika "umekuja", mtu amepotea. Ukiandika "amekuja", mti umekatwa.

Kumbe Kiswahili cha Lubumbashi, kile tulichokatazwa darasani, kinaweza: "Sarv iko mbele yangu." Iko, mtu, iko, mti. Mimi ningeanzia pale.