Muhuri Uliogeuza Moduli Kuwa Picha

Niseme mapema: uamuzi ule ulikuwa kosa, tena kosa kubwa. Mnaosoma kwa masafa mliuona muhula uliopita, pale moduli zilipopanda kwenye mfumo wa masomo wa Moodle zikiwa na muhuri wa idara kila ukurasa. Chuo sitakitaja, kwa kuwa tabia hii haikuanzia kwake na sioni dalili kwamba itaishia kwake. Mengine waliyoyafanya muhula ule yalikuwa sawa: sauti za mihadhara zilikuwa safi, matangazo yaliandikwa vizuri, na muda wa nyongeza wa mtihani ulitolewa bila mvutano. Ninachokichambua leo ni ile hatua moja ya kuchapa, kugonga muhuri, kuskani na kupakia.

Nilikuwa Chiola, mkoani Lindi, kwa dada yangu siku mpwa wangu alipofungua moduli ya kwanza. Kijana haoni tangu utotoni. Anasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, na kompyuta yake ina kisoma-skrini cha NVDA kama za wengi wenu. Bando lilinunuliwa kwa fedha ya korosho, na moduli ile peke yake ililila karibu lote, maana faili lilikuwa na megabaiti tisini na kitu. Lilipomaliza kushuka akalifungua, akarudi juu kabisa ya ukurasa, akashusha mshale. Kompyuta ikatamka kwamba mstari ni mtupu. Akashusha tena. Mtupu. Akaruka kurasa kumi mbele, kukawa vilevile.

"Mjomba, hebu niangalizie," akaniambia. "Faili limeharibika?"

Halikuwa limeharibika. Mimi niliyaona maandishi yote, meusi na makubwa ya kutosha, na pembeni mduara wa bluu wa muhuri. Tulikuwa tumeangukia sura inayohusu mradi wa karanga wa wakati wa ukoloni. Palikuwa na ramani ya reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea, na jedwali la ekari zilizopangwa kulimwa na zile zilizolimwa kweli. Babu wa kijana huyu alikuwa miongoni mwa vijana waliong'oa visiki kwa ajili ya mashamba hayo. Hadithi yake anaijua kwa moyo kwa kuisikia barazani, lakini ukurasa wa chuo kikuu unaoieleza, akiwa amekaa katika ardhi ileile ya mradi, haukuwa na neno hata moja kwake.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana kilichoniudhi zaidi nilikiona nilipoichunguza. Moduli ile iliandikwa kwa Word. Orodha ya yaliyomo ilikuwa ya kujitengeneza yenyewe, yenye nukta zilizopangika hadi namba ya ukurasa, na orodha ya namna hiyo kwa kawaida haitoki mpaka mwandishi awe ameweka vichwa vyake kwa mitindo ya Word. Wahadhiri wengi hawafanyi hivyo. Wanakoza herufi na kuongeza ukubwa, basi. Huyu alifanya kazi sahihi, labda bila kujua kwamba alikuwa akimjengea msomaji asiyeona ngazi ya kupandia: katika NVDA unabonyeza H na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, unafika sura ya nne bila kusikilizishwa zile tatu. Faili la mhadhiri lilikuwa tayari kwa asilimia kubwa. Lingepakiwa lilivyo, mpwa wangu angesoma jioni ileile.

Kisha ofisi ikalichapa kwenye karatasi, ikagonga muhuri, ikalirudisha kwenye kompyuta kupitia skana. Hapo ndipo kila kitu kilipokufa. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi unakuwa picha ya nukta 2,480 kwa 3,508, yaani zaidi ya nukta milioni nane, na katika nukta zote hizo hakuna herufi hata moja. Herufi "a" iliyoandikwa kwa kibodi ni alama ambayo kompyuta inaitambua, inaitamka, inaikuza, inaitafuta, na inaweza kuipeleka kwenye kifaa cha Breli. Picha ya "a" ni doa jeusi kwenye weupe. Na ukurasa wa maandishi usiofikisha kilobaiti kumi unavimba hadi karibu megabaiti nzima. Aliyeko kijijini analipia uvimbe huo kwa bando.

Mtaniambia kuna programu za kutambua maandishi ndani ya picha. Zipo, nyingine ni za bure, na baadhi zinakijua Kiswahili. Tulijaribu. Kurasa zilikuwa zimeskaniwa zikiwa zimepinda kidogo, kwa hiyo mistari ikaingiliana. Palipogongwa muhuri juu ya aya, programu ilitoa mchanganyiko wa herufi na alama zisizosomeka. Lililoniuma zaidi lilikuwa jedwali: safu zilivunjika, na takwimu za mwaka mmoja zikahamia kwenye mwaka wa jirani. Kwa mwanafunzi wa historia hiyo ni hatari kuliko ukurasa mtupu. Ukurasa mtupu unajijua kuwa mtupu, lakini namba iliyohama ataiandika kwenye mtihani akiamini ni sahihi.

Kwa nini ofisi iliamua hivyo? Sababu zinazotolewa vyuoni ni mbili, na nimezisikia miaka mingi. Ya kwanza ni kwamba faili la Word litanakiliwa, litabadilishwa na kuuzwa kwenye steshenari. Ya pili ni kwamba bila muhuri, waraka si rasmi. Hii ya pili ni mzigo wangu wa siku zote na wasomaji wa ukurasa huu mnanivumilia: nchi yetu inauamini mduara wa wino kuliko inavyoyaamini maneno yaliyomo ndani ya karatasi. Muhuri ungeweza kukaa kwenye jalada peke yake, ukurasa mmoja, ukawa umemaliza kazi yake.

Sababu ya kwanza ina uzito, lakini jibu lake lipo ndani ya programu zilezile za kutengenezea PDF. Unapoufunga waraka usinakiliwe wala kubadilishwa, mipangilio ya usalama ina kisanduku cha kuruhusu visoma-skrini viyafikie maandishi. Unakitia tiki. Waraka unabaki umefungwa kwa mwizi na uko wazi kwa msomaji asiyeona. Na skana haimzuii mwizi hata kidogo, kwa kuwa mwenye steshenari anachapa picha kama anavyochapa maandishi. Aliyezuiwa ni mpwa wangu peke yake.

Si wasioona tu walioumia. Mkoa huu wa Lindi una heshima yake katika jambo hili: mwaka 2010 wapigakura wa Lindi Mjini walimpeleka Bungeni Salum Khalfan Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo nchini. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Wao wanasoma kwa kukuza herufi, na herufi halisi ukiikuza mara nne inabaki kali, na mistari inajipanga upya kufuata upana wa simu. Picha ukiikuza inafifia, na inakulazimu usogeze ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Soma kurasa mia moja namna hiyo usiku mmoja ndipo utajua ninachosema.

Kuna jingine la zamani ambalo nimelishikilia tangu 2017 na sitaliachia. Mlioufuatilia mjadala wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mnakumbuka. Watu wawili viziwi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet walilalamika kwamba mihadhara ya bure ya Berkeley haikuwa na manukuu yanayofaa. Agosti 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ikakubaliana nao. Machi 2017 chuo kikajibu kwa kuondoa hadharani video na sauti zaidi ya 20,000, nasi huku tuliokuwa tukizipakua tukakuta milango imefungwa. Watu wengi waliwalaumu wale viziwi wawili. Mimi nilisema wakati ule na narudia sasa: aliyefunga mlango ni aliyekuwa na ufunguo. Harvard mwaka 2019 na MIT mwaka 2020, waliokuwa wameshtakiwa kwa jambo hilohilo, walikubali kuweka manukuu. Na Berkeley wenyewe, Novemba 2022, wakaingia makubaliano ya kurekebisha sehemu kubwa ya kile walichokuwa nacho mtandaoni. Kama ilikuwa inawezekana mwaka 2022, ilikuwa inawezekana 2017.

Ninaufananisha uamuzi wa Berkeley na wa muhuri kwa sababu yote mawili ni ya ofisi zilizochagua njia nyepesi kwao. Tofauti ni kwamba Berkeley waliondoa vitu na kila mtu akaona vimeondoka. Muhuri umeacha faili likionekana lipo, na msimamizi akikagua atahesabu moduli zote na kuandika kwamba kazi imekamilika.

Wazee wetu walifanya vizuri zaidi wakiwa na vichache zaidi. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, somo liliandaliwa tangu mwanzo kwa njia mbili. Kulikuwa na kipindi cha redio cha kusikiliza kwa pamoja, na kulikuwa na kitabu ambacho kiongozi wa kikundi alikisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Asiyejua kusoma alisikia, asiyeona alisikia, na hakuna aliyelazimika kumwomba jirani amsaidie kwa siri. Walianza na swali la nani atakuwa mbele ya redio, kisha ndipo wakaandika. Nenda na Buigiri, kule Dodoma, shule ya wasioona iliyoanza 1950: vizazi vya walimu vimekaa na karatasi nene wakitoboa Breli nukta kwa nukta ili mtoto mmoja apate sura moja ya kitabu. Mtu wa namna hiyo ungempa faili la Word lenye vichwa vilivyopangwa, angelishukuru kama mvua. Sisi tunalo, tunalichapa, tunaliharibu kwa skana.

Sheria nayo haina utata. Tuliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2020 Tanzania ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nakala inayosomeka na asiyeona bila kuvunja hakimiliki. Anayejificha nyuma ya haki za mwandishi amechelewa.

Kwa mafundi, mambo mawili ambayo hata faili zuri la mhadhiri yule lingehitaji. Lugha ya waraka iwekwe. Moduli ya Kiswahili ikiachwa na alama ya Kiingereza, sauti ya kompyuta inasoma "jembe" na "chai" kwa kanuni za Kiingereza, na sikio linachoka kabla ya ukurasa wa pili. Sauti ya Kiswahili imo ndani ya NVDA, lakini haibadiliki yenyewe kama waraka haujaieleza. La pili ni ramani. Picha iandikiwe maelezo yake, na maelezo yaseme kile ambacho picha inafundisha. Ile ya karanga ingetosha kuandikiwa hivi: reli inatoka Nachingwea kwenda bandari mbili, Mkwaya karibu na Lindi, na Mtwara. Kazi ya dakika moja. Kuandika "ramani namba tatu" ni sawa na kutoandika.

Jioni ile nilimsomea mpwa wangu kurasa kumi na nne hadi sauti ikakauka, naye akiandika kwa kibodi haraka kuliko nilivyoweza kusoma. Tulipofika kwenye ujumbe wa John Wakefield, uliozunguka kwa wiki tisa tu mwaka 1946 na kurudi London na mpango uliokuja kupoteza pauni milioni 36, akanisimamisha. Akaniuliza kama kitabu kinasema waliwauliza wenyeji kuhusu udongo. Nikatazama. Sura ile haikusema. Asubuhi nilikuwa na safari, na kurasa karibu mia zilikuwa zimebaki. Dada alisema atamtafuta kijana wa kidato cha nne amsomee baada ya shule, kwa malipo.

Ninyi wakuu wa idara na mafundi wa Moodle mnaosoma hapa, faili za Word za wahadhiri mnazo kwenye barua pepe zenu. Ziondoeni zile picha, pakieni maandishi, na muhuri uwekeni kwenye jalada. Fanyeni hivyo kabla dirisha la usajili wa muhula ujao halijafunguliwa.