Kufungua Mlango Hakutoshi

Tarehe 7 Desemba 2017, moto wa nyika uliopewa jina la Lilac ulizuka kaskazini mwa Kaunti ya San Diego, California, huku pepo kavu za Santa Ana zikivuma kutoka jangwani kuelekea baharini. Siku hiyo hiyo ulikifikia San Luis Rey Downs, kituo cha mazoezi ya farasi wa mbio kilichopo Bonsall, kilichokuwa na farasi zaidi ya 400. Walikufa 46.

Moto ulipofika mabandani, masaisi na wakufunzi walifungua vyumba na kuwafukuza farasi watoke. Haukuwapo muda wa kuwaongoza mmoja mmoja, seuze kuwapakia kwenye malori. Wengi walisalimika kwa uamuzi huo, wakahamishiwa uwanja wa mbio wa Del Mar. Hata hivyo, baadhi ya waliokwisha kutoka walirudi mbio ndani ya mabanda yanayowaka.

Farasi akishtuka hukimbilia kundi lake au pale alipopazoea, na farasi wa mbio hushinda sehemu kubwa ya siku chumbani. Kumtoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ua uliozungushiwa uzio, mbali na banda, wenye lango la kumfungia asirudi. Ua huo hauwezi kujengwa moshi ukiwa umeshatanda.

Si kila banda limepakana na nyika, lakini adui wa ndani yumo katika mabanda yote. Nyaya zisizofunikwa kwa mabomba ya chuma hugugunwa na panya. Feni za nyumbani, ambazo mota zake ziko wazi, hukusanya vumbi na manyoya hadi zikapata joto la kuwasha. Chini yake kuna matandiko ya nyasi kavu.

Nyasi zenyewe nazo zinaweza kujiwasha. Zikifungwa marobota zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, bakteria na kuvu huanza kuzila na kuzalisha joto. Joto likikosa pa kutokea, vijidudu hufa, lakini mabadiliko ya kikemia huendelea kulipandisha. Wiki sita za kwanza ndizo za kuchunga zaidi. Kipimajoto kirefu kikichomekwa katikati ya rundo kikasoma nyuzi 65 za Selsiasi, pima kila siku. Kikifika 80, waite zimamoto kabla ya kugusa robota, kwani hewa ikiingia ghafla, rundo hulipuka moto.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze na ghala la nyasi lililo mbali na farasi, kisha nyaya, kisha mlango wa pili wa banda unaoelekea uani. Kila chumba kitundikwe hatamu ya ngozi na kamba, mahali ambapo mkono utaipata gizani. Ya nailoni haifai, maana huyeyuka na kugandia usoni mwa mnyama. Mtungi wa kuzimia moto uwepo, lakini ni wa cheche ya kwanza tu. Na kila farasi azoezwe kutoka kwa mlango huo wa pili, akiongozwa na mtu asiyemzoea, mpaka njia ya uani iwe ndiyo anayoijua zaidi.