Mzigo Kwanza, Gari Baadaye

Mzigo ni boriti ya chuma, ndefu kuliko kigari chochote alichonacho mpwa wangu kwenye gemu lake, imelala mchangani juu ya korongo. Inatakiwa kituoni, ng'ambo ya bonde. Mpwa wangu haanzi kuunda chochote. Anachukua kigari chake cha zamani, anakiegesha ubavuni mwa boriti na kukisogeza polepole kutoka ncha hadi ncha, urefu wa kigari ndio rula yake. Akimaliza kupima anaisukuma kidogo. Boriti inageuka. Anarudi nyuma, anasogea kushoto, anasukuma tena, mpaka anapata mahali ambapo ikisukumwa huenda yote kwa pamoja bila kugeuka. Hapo ndipo uzito ulipo, na hapo ndipo atakapoishika.

Gemu lenyewe linaitwa Mars First Logistics. Limetengenezwa na Shape Shop, studio ndogo ya Ian MacLarty wa Melbourne, Australia, na lilianza kuuzwa mwaka 2023 likiwa bado halijakamilika. Uko sayari ya Mirihi, una karakana, na kuna maroboti yanayojijengea makazi na kukuomba uyapelekee mizigo yenye maumbo ya kuudhi. Hakuna bunduki, hakuna adui. Ardhi imechorwa kwa mistari myembamba na rangi chache zilizotulia, kiasi kwamba jiwe na kivuli chake huonekana wazi kutoka mbali, jambo ambalo faida yake niliiona baadaye.

Karakanani anaanza na chesisi: boriti mbili ndefu sambamba, na fupi mbili za kuzikaza. Anaiacha iwe pana. Mbele anaweka vyuma viwili vilivyochomoza vya kubebea mzigo, na chini yake pistoni za kuvinyanyua. Anasita. Uzito wote utakuwa mbele, na kigari kitainamia pua. Basi anaanza kuhamisha kila kizito kwenda nyuma, anarefusha mkia kidogo, anaongeza vyuma ambavyo havina kazi nyingine ila kuwa vizito. Wasukuma mikokoteni wa Kariakoo hufanya hesabu hiyohiyo bila karatasi: gunia likikaa vizuri juu ya ekseli, mikono haibebi kitu, inaongoza tu.

Kazi ya magurudumu ndiyo iliyonifanya nivute kiti karibu. Angeweza kubandika manne akaondoka. Badala yake anatengeneza mkono mfupi wa chuma, anaweka gurudumu kila ncha, na katikati anaufunga kwenye chesisi kwa bawaba isiyo na mota, inayocheza bure. Anafanya hivyo kushoto, kisha kulia. Magurudumu ya nyuma anayafunga moja kwa moja kwenye chesisi. Jumla sita. Nikamuuliza kwa nini hakutumia springi, na zipo. "Ngoja, mjomba," akasema, akakitoa nje na kukielekeza kwenye jiwe.

Gurudumu la kwanza likapanda. Mkono ukainuka ncha moja, ncha ya pili ikabaki imekandamiza mchanga. Likashuka, la pili likapanda. Chesisi ikanyanyuka nusu tu ya kimo cha jiwe, taratibu, bila kuruka, na magurudumu yote mawili ya mkono ule hayakuacha kugusa ardhi hata mara moja. Springi ingelibana gurudumu lililo juu na kulipunguzia uzito lililo chini. Bawaba haibani mtu, inagawa.

Wazo hilo si lake, na anajua. Vigari vya Marekani vilivyotembea Mirihi tangu Sojourner mwaka 1997, mpaka Perseverance iliyotua Februari 2021, vyote vina magurudumu sita na mikono ya namna hii, bila springi. Aliyeibuni ni mhandisi Don Bickler wa maabara ya JPL, California. Ule muundo kamili una mkono mrefu zaidi unaoubeba huu mfupi, na pande mbili za kigari zimeunganishwa ili mwili ugawane mwinamo wa kushoto na wa kulia. Mpwa wangu kachukua nusu. Naona alichagua vyema: nusu nyingine ingemletea viungo vingi vya kulegea, na barabara yake haikuhitaji.

Kisha vidole. Kila mota na kila pistoni hupewa kitufe chake, na hapa wachezaji wengi huharibu, kwa kugawa vitufe kwa pupa na kusahau kipi ni cha nini. Yeye anaweka kunyanyua na kushusha jirani, chini ya vidole viwili vya mkono mmoja, na kitufe cha kuinamisha mzigo mbali kabisa, asije akakigusa kwa bahati mbaya. Anajaribu kila kimoja kigari kikiwa kimesimama. Juu, chini. Juu, chini. Anapunguza kasi ya pistoni. Juu, chini.

Boriti inakaa kwenye vyuma mara ya kwanza, maana alishajua pa kuishika. Sasa imelala kingamo, inazidi upana wa kigari pande zote mbili, kwa hiyo korongo, ambalo ndiyo njia fupi, halipitiki. Anapanda mgongo wa kilima. Anakwenda polepole kuliko mota inavyoruhusu, akisoma mawe kwa vivuli vyake, na pale ncha ya boriti inapoanza kucheza anaachia kitufe kabisa, anasubiri itulie, ndipo anaendelea. Sikuwahi kumwona akisubiri hivyo mezani.

Kilele kilipoisha na mteremko ukaanza, alifanya jambo ambalo nilidhani ni mzaha. Akageuza kigari, akashuka kinyumenyume. Dereva yeyote wa foklifti bandarini angemwelewa: mzigo hubaki upande wa juu wa mlima, ukigeuka nao chini unakupindua. Hakuna aliyemfundisha foklifti. Alilitambua kwa kuitazama boriti inavyovuta.

Kituoni aliishusha kidogo kidogo, pistoni ya kushoto, ya kulia, mpaka ncha zote zikagusa pamoja. Malipo yakaingia. Hakuyatazama. Alirudi karakanani na kuanza kuvua vyuma: vipande viwili vya mkiani ambavyo safari ilionyesha havikuhitajika, na kimoja cha ubavuni ambacho, alisema, alikiweka kwa sababu kilipendeza. Muundo akauhifadhi kwa jina la mzigo wake. Mkataba uliofuata ulikuwa wa kitu cha mviringo, kinachobingirika kikiguswa, na vile vyuma viwili vya mbele havingekifaa. Akatoka na kigari cha zamani kwenda kukipima.