Mkunga Mlangoni: Kuisoma Upya Utengano kutoka Pemba

Wahakiki wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980, wamezoea kuigawa mafungu mawili: huku dini na mila zinazomfungia mwanamke, kule ulimwengu wa nje unaompoteza. Nami nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika hivyo hivyo, nikapata alama nzuri. Leo siikubali tena insha ile, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Tuanze na tukio lenyewe. Bwana Maksuudi amewakataza mkewe, Bi Tamima, na binti yao, Maimuna, wasitoke nje. Uchungu unamshika Bi Tamima naye mume hayupo. Mkunga, Bi Farashuu, anaitwa kinyume cha amri. Mwenye nyumba anaporudi, malipo ya mzazi ni kipigo na talaka.

Haya, tuulize: ni aya gani inayokataza mwenye uchungu asiitiwe mkunga? Hakuna. Na huyo Maksuudi si mcha Mungu hata kidogo. Anayefunga mlango ndiye huyo huyo anayenyemelea kwa Kazija. Kinachotawala nyumba ile ni amri ya mwanamume iliyovaa kanzu ya dini. Mhakiki asiyetofautisha kanzu na aliyeivaa anamsaidia Maksuudi bila ya kujijua.

Sisi wasichana tuliolelewa Pemba tunayajua haya. Chuoni, tungali wadogo, tulisomeshwa hedhi, nifasi na janaba, na mwalimu hakuona haya, maana hukumu za tohara hazisomeshwi kwa mafumbo. Hata azli, yaani kumwaga nje ili mimba isiingie, imo katika Hadithi, kwamba masahaba wakiifanya. Msichana akiolewa hukabidhiwa somo wake, naye humfunza ya chumbani. Basi maneno tunayo, na mwalimu tunaye. Tatizo ni kwamba mafunzo haya yanaelekea upande mmoja tu. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 alikuwa mgonjwa. Juu ya hivyo, alichomwusia kuhusu mwili ni kujipamba, kujifukiza na kumtunza mume. Mwili wa binti unapendezeshwa, ukiumwa je? Hapo pana kimya, na kimya hicho tumekirithi.

Nitoe mfano wa kwetu. Kijiji chetu hakiko mbali na Wete. Mke wa ami yangu alishikwa na uchungu, mume yuko dago. Wakubwa wakasema, "Ngojeni mwenyewe arudi, mke wa mtu hatolewi bila ya ruhusa." Ikangojwa usiku kucha. Alfajiri majirani hawakustahamili tena, wakamtia garini kwenda hospitali. Mama alipona, mtoto hakupona. Ami aliporudi akakaa barazani akilia: "Nani kawaambieni mungoje? Mimi ningekataa?"

Suali lile ndilo lililonirudisha kwenye riwaya, na hapa ndipo ninapomlaumu mwandishi kidogo. Katika Utengano amri ina mwenyewe: ina jina, ina sura, na ni sura ya mtu mwovu. Msomaji anamchukia Maksuudi, anafurahi kumwona akianguka, halafu anafunga kitabu ametulia roho. Kwetu ile amri haikuwa na mwenyewe. Ilitoka vinywani mwa watu wema, wengi wao wanawake, tena wanawake waliozaa, na aliyedhaniwa kuitoa hata hakuwa ameitoa. Maksuudi mmoja huweza kuanguka. Amri isiyo na mwenyewe inaangushwa na nani?

Lakini sitaki kumvunjia mwandishi heshima. Yeye, mzaliwa wa Pemba, alikiweka chumba cha uzazi katikati ya hadithi wakati wengi wetu tulikuwa tunakiona ni mambo ya wanawake, hayahusu fasihi. Sisi ndio tuliopita mbio pale, tukakimbilia kujadili ulevi na umalaya wa Maimuna. Katika semina yetu Maimuna alijadiliwa saa nzima. Bi Tamima alitajwa mara moja.

Wenzangu, mtakapoisoma tena riwaya hii, simameni kidogo pale mlangoni pamoja na mkunga. Msiulize tu nani kafunga. Ulizeni pia nani wamo ndani wanaosema, "Ngojeni mwenyewe arudi."