Mashine 'imesema' au 'amesema'? Kitendawili cha akili mnemba

Juma lililopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa mwaka wa pili nilipokutana na methali nisiyoijua. Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka ishirini na kamusi zangu za methali zimechakaa hadi majalada yakabanduka, lakini hii ilikuwa ngeni kabisa: 'Jembe la mgeni halijui magugu.' Si mbaya, nikajiambia. Ina mdundo, ina hata hekima ya aina fulani. Nikamwita mwenyewe.

"Methali hii umeitoa wapi?"

"Ameniambia ni ya wahenga, Mwalimu."

"Nani amekuambia? Nyanyako?"

"La, Mwalimu. Huyu hapa." Akainua simu.

Nikaomba ile simu. Nikabuni methali yangu papo hapo, 'Mwenye pweza haulizi bei ya kamba', nikaiandika na kuomba maana yake. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Nikaelezwa kwamba wahenga wa Pwani waliitumia methali hiyo kuwanasihi watu watosheke na walicho nacho, na kwamba kamba inayotajwa ni ile ya kufungia mashua gatini. Mimi nilikuwa na maana ya kamba wa kuliwa! Darasa zima likaangua kicheko, nami pia nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaacha kucheka.

Msomaji mpenzi, methali ya kubuni hainitishi. Kila matatu ya jiji hili ina yake nyuma, na baadhi yake zinashinda za wahenga. Kilichoniondolea usingizi ni kiambishi kimoja tu, ile a- katika 'ameniambia'.

Tukumbushane kidogo. Nomino kama simba, kasuku na ng'ombe zingefuata umbo lake, zingekaa pamoja na nyumba na kalamu katika I-ZI. Lakini Kiswahili kilikataa. Kilisema chenye uhai kitapatanishwa kama chenye uhai, umbo lipende lisipende. Simba analala, kalamu inalala mezani. Huo ndio mpaka ambao lugha yetu imeuchora kati ya kilicho hai na kisicho hai, na imeuchora ndani ya kitenzi, mahali ambapo msemaji hawezi kuukwepa. Mwingereza anaweza kutamka kitenzi chake na kuuacha mpaka huo bila kuuvuka. Mswahili akifungua kinywa tu ameshaamua.

Najua utaniambia kwamba mitaani huku kwetu Nairobi hata mjomba 'inakuja' na dereva 'imesimamisha gari'. Kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu nilishtuka zaidi. Kijana ambaye makanga kwake ni 'imenirudishia chenji' anaipa programu ya simu heshima ya A-WA, tena bila kujikwaa.

Mwenzangu mmoja idarani alinipinga. Alisema fasihi simulizi imejaa mawe yanayoongea na mibuyu inayotoa ushauri, basi kwa nini simu inyimwe haki hiyo? Hoja nzuri. Ila hekaya huwa na mlango. Fanani husema 'Paukwa!' nasi tukaitikia 'Pakawa!', na kuanzia hapo wote tunajua tumeingia wapi. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye hadithi ya bibi akaenda kuuliza mbuyu dawa ya shinikizo la damu. Simu haina paukwa yake. Inaanza tu kusema 'mimi', 'nadhani', 'ninaelewa unavyohisi', nawe huna pa kuitikia.

Jina lenyewe limetuponza. Mwaka 1955 mwanahisabati John McCarthy na wenzake watatu nchini Marekani waliandika ombi la fedha kwa wakfu wa Rockefeller, wakitaka kukutana kiangazi cha mwaka uliofuata katika Chuo cha Dartmouth. Walidai kwamba kundi la wanasayansi waliochaguliwa vyema likifanya kazi pamoja kwa kiangazi kimoja linaweza kupiga hatua kubwa katika kuzifanya mashine zitumie lugha na kutatua matatizo ya binadamu. Kiangazi kimoja! Na fani hiyo wakaipa jina tulilokuja kulitafsiri. Ni vyema tukumbuke kwamba neno lenyewe lilizaliwa katika ombi la ufadhili, na sote tunajua jinsi maombi ya ufadhili huandikwa.

Sisi tumelipokea kwa tafsiri tatu zinazogombania nafasi. Kuna 'akili bandia', ambayo wauzaji hawaipendi kwa kuwa bandia ni noti inayokupeleka korokoroni. Kuna 'akili unde', yaani iliyoundwa, ambayo mimi naipenda kwa sababu inakulazimisha uulize iliundwa na nani. Na kuna 'akili mnemba', inayoelekea kushinda magazetini na redioni, ingawa ukimwuliza msomaji wa kawaida mnemba ni nini huenda akakuambia ni kisiwa kule Unguja. Tumebishana sana kuhusu neno la pili. La kwanza tumelipitisha bila hata kulipekua mifuko.

Akili katika Kiswahili ina mwenyewe. Tunasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtu huwa na akili, hupotewa na akili, huzinduka akili zikamrudia. Sijui akili isiyo na mtu wa kuipoteza. Ukiniambia kuna akili nikakuuliza ya nani, nawe ukanijibu ni ya kampuni fulani ya California, basi tulichokuwa tukikizungumzia ni bidhaa.

Haya si mapya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, jina la yule msichana muuza maua katika tamthilia ya George Bernard Shaw anayefunzwa kuzungumza kama bibi wa tabaka la juu. ELIZA ilijifanya mshauri wa kisaikolojia, na hila yake ilikuwa nyepesi ajabu. Ilitafuta neno fulani katika sentensi yako, ikageuza nafsi, ikakurudishia swali. Tuseme umeiandikia kwa Kiswahili, 'Nina huzuni kwa sababu ya mama yangu.' Programu ya namna hiyo inaona 'mama', inabadili -angu kuwa -ako, inasema, 'Nieleze zaidi kuhusu mama yako.' Ikikosa neno inalolijua, inasema, 'Endelea.' Basi. Hata mwanafunzi wa darasa la saba aliyeelewa vimilikishi angeweza kuicheza.

Weizenbaum alisimulia baadaye, katika kitabu chake cha 1976, kwamba katibu wake alikuwa amemtazama akiiunda programu hiyo kwa miezi mingi. Hakuna aliyejua vizuri kumliko kwamba ni programu tu. Lakini alipokaa kuzungumza nayo, baada ya sentensi chache alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha! Mtu huyo wa sayansi, aliyezaliwa Berlin na kuikimbia Ujerumani ya Hitler pamoja na wazazi wake akiwa mtoto, alishtuka kiasi kwamba alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobakia akionya juu ya fani aliyosaidia kuijenga. Kilichomshtua kilikuwa wepesi wetu sisi.

Je, mashine za leo ni ELIZA? Hasha, na mwenye kudai hivyo hazijui. ELIZA ilikuwa na kanuni chache zilizoandikwa kwa mkono. Hizi zimepitishwa juu ya mabilioni ya maneno ya watu, zikarekebisha tarakimu ndani yake mara chungu nzima hadi zikawa hodari wa kazi moja: kukisia kipande cha neno kinachofuata. Nikikuambia 'Haraka haraka haina…' wewe unamalizia. Sasa fikiria chombo kinachoweza kumalizia kila kitu, kuanzia methali hadi barua ya kuomba kazi, kikaongezewa mafunzo ya kujibu kwa adabu. Ni kazi kubwa ya uhandisi. Mimi mwenyewe hukitumia kunasa makosa ya chapa, na hunasa ambayo macho yangu ya miwani yameyapita. Anayesema hakifai kitu anajidanganya.

Ila tazama kilichotokea na pweza wangu. Sentensi yangu ilikuwa na umbo la methali, na baada ya umbo hilo maandishi mengi huendelea kwa 'wahenga walitumia methali hii kuwanasihi…' Kwa hiyo iliendelea. Hakuna pahali ilipotua na kuuliza kama methali hiyo ipo. Mwezi Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha kesi za kale ambazo hazikuwahi kuamuliwa na mahakama yoyote. Zilitungwa na ChatGPT, na majina ya wahusika na nambari juu. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi moja ni ya kweli. Ikamhakikishia kwamba ni ya kweli.

Wenye kampuni wana neno la tukio hilo. Wanasema mashine imeona maruweruwe. Neno hilo nalikataa. Anayeona maruweruwe ni mtu ambaye siku nyingine huona sawasawa. Homa ikishuka atayaona mambo kama yalivyo. Mashine hii ilipomalizia 'baraka' na ilipomtungia wakili kesi ilifanya kazi ileile kwa njia ileile. Tofauti tumeileta sisi, tunaojua kesi ni nini.

Wakosoaji nao wana neno lao. Mwaka 2021 wataalamu wanne, miongoni mwao Emily Bender na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha makala wakizifananisha programu hizi na kasuku wanaounganisha maneno kwa kubahatisha. Sitiari hiyo imeenea, na kwetu imeingia bila viza kwa kuwa 'kukariri kama kasuku' ni shutuma ya kila mwalimu. (Sizungumzii kasuku wa jalada la daftari wala wa mkebe wa mafuta ya kupikia.) Nawaheshimu waliouandika ulinganisho huo, ila nadhani wanamsingizia ndege. Kasuku wa kijivu, ambaye huku kwetu maskani yake ni msitu wa Kakamega, si mjinga. Mmoja aliyeitwa Alex, aliyefunzwa na Irene Pepperberg kule Marekani hadi kufa kwake mwaka 2007, alijua majina ya zaidi ya vitu mia, akatofautisha rangi na maumbo. Kasuku huona njaa. Akisema 'karanga' huenda anataka karanga. Kasuku anastahili A-WA yake. Programu ikiandika neno 'njaa', hakuna tumbo popote linalolijua.

Na hapo ndipo linapokuja jambo ambalo sikulitaja darasani. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba OpenAI, kampuni inayoitengeneza ChatGPT, iliwategemea wafanyakazi wa hapa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, kuifunza programu itambue maandishi machafu. Vijana hao walisoma maelezo ya watoto wakinajisiwa, ya mauaji, ya watu kujitoa uhai, wakiyawekea alama zamu baada ya zamu. Malipo yao, kwa mujibu wa jarida hilo, yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza madhara yaliyowaganda akilini.

Basi tunaposema 'amekataa kunijibu, amesema swali langu si la adabu', tuulize ni nani aliyekataa. Adabu ile ilitoka mahali. Ilitoka kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta katika jiji hili, pengine aliyepanda matatu ileile uliyopanda, akasoma uchafu ule ili wewe usiusome. Kiambishi a- alikuwa nacho yeye. Tumemnyang'anya, tukaivika simu, na yeye tumemfungia ndani ya I-ZI ya neno 'teknolojia'.

Mwanafunzi wangu alirudi ofisini siku ya Ijumaa na insha mpya. Ile methali ilikuwa imeondoka, na mahali pake palikuwa na tanbihi.

"Niandike 'imeniambia', Mwalimu?"

Nikamwambia i- ni sawa, lakini kuambia je? Kuambia kunataka mtu anayekusudia ujue jambo. Akajaribu 'imenijibu'. Nikatikisa kichwa, maana anayejibu amesikia swali. Akajaribu 'imeeleza', kisha 'imedai', ambayo ilinipendeza hadi nilipokumbuka kwamba anayedai husimama nyuma ya dai lake. Tulifika hadi 'imetoa', kama mtambo wa benki unavyotoa noti, tukabishana kidogo kama hiyo nayo haiwanyimi sifa waliouunda. Saa ya kipindi kilichofuata ikawa imefika. Aliandika 'imechapa', nami nikaiacha bila kuipigia mstari.